Daftari la Babu

Mwanangu wa kwanza alipewa jina la babu yake mzaa baba, na kwetu mtoto wa namna hiyo haitwi jina lake ovyo. Tukimwita Babu. Alifariki Novemba 2017, ana miaka 12, akaniachia daftari.

Ni daftari la skuli, la kawaida tu, jalada limeliwa na mende pembeni. Ndani hamna hesabu wala imla. Mna matokeo ya mpira, ukurasa kwa ukurasa, ya timu za hapa Pemba, za Unguja na za mbali, kwa mwandiko uliokuwa ukibadilika kila alipopanda darasa. Ukurasa mmoja una namba moja tu, 55, ameikuza ikajaa karatasi nzima. Aliiandika Machi 2017, Zanzibar ilipopokewa Addis Ababa kuwa mwanachama wa 55 wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Afrika. Siku ile alikimbia ndani ya nyumba akipiga kelele mpaka nikamkemea. Julai ya mwaka ule ule uanachama ukafutwa. Babu alichukua kalamu nyekundu akaikata namba ile kwa mstari mmoja, basi. Nikamuuliza kwa nini asiuchane ukurasa wenyewe. Akanambia, "Mama, ilikuwa kweli kwa miezi minne."

Babu alikuwa na sikoseli. Vitabuni huitwa seli mundu, kwa sababu chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa za mviringo, hujipinda mfano wa mundu wa kukatia majani, zikakwama katika vishipa vidogo na damu ikashindwa kupita. Mimi na baba yake kila mmoja alibeba upande wake wa ugonjwa bila ya kuumwa na bila ya kujua. Katika kila mimba yetu, fungu moja kwa manne lilikuwa la mtoto mgonjwa. Likamwangukia yeye, mdogo wake likampita.

Maumivu yake hukaa mifupani. Nimemsikia mtoto wa miaka saba akiniomba nimkate mguu. Mzazi akishasikia neno hilo hawi tena yule aliyekuwa. Nikaambiwa baridi huyachochea, kiu huyachochea, kuchoka kupita kiasi huyachochea. Basi baridi, kiu na kuchoka nikavifanya maadui zangu watatu, na mpira nikauweka wa nne.

Kiwanja cha mtaani kwetu kiko mbele ya mwembe mkubwa. Alasiri, wenziwe wakicheza, Babu akikaa chini ya mwembe ule na kijiti mkononi, akitangaza. Hakuwa akishangilia, alikuwa akitangaza hasa: mpira uko kwa nani, kampa nani, nani yuko peke yake upande wa kushoto hajaonwa, kipa katoka, kipa karudi. Wachezaji wengi walikuwa watoto wa miaka kumi, na goli lilikuwa mawe mawili, lakini ukimsikiliza kwa mbali ungedhani kuna mechi ya taifa. Kuna siku alikuwa kitandani, wakaja watatu dirishani wakaniuliza, "Bi mkubwa, Babu anatoka leo? Mchezo haunogi."

Mjomba wake alimletea njumu kutoka Unguja. Nilizipokea mimi mlangoni, nikazifungia kabatini, nikamwambia, "Ukipata nafuu utazivaa." Yeye na mimi tulijua nafuu niliyokuwa nikiisema haipo. Akanijibu, "Haya, Mama." Hakununa wala hakulia. Mpaka leo laiti angelilia siku ile. Ile "haya" ndiyo iliyonikosesha usingizi, kuliko hata usiku wa mwisho, ambao sitausimulia. Kifua kilimbana Jumatano, Ijumaa tukamzika. Inatosha.

Dini yetu imeweka mipaka ya msiba. Mwanamke humkalia eda mumewe miezi minne na siku kumi. Kwa maiti mwengine, hata awe mwanawe aliyemzaa, kujitenga kwa huzuni hakupiti siku tatu. Siku ya tatu hitma ikasomwa, majamvi yakakunjwa, masufuria yakarudi kwa wenyewe. Waliokuwa wakiniita mama yake kwa jina lake wakaanza kuniita kwa jina la mdogo wake. Hawakuwa na ubaya, walidhani wananipunguzia. Kila walipoita, mimi nikisikia jina moja likifukiwa mara ya pili.

Wanawake wenzangu walinikumbusha Baitul Hamd, nyumba anayojengewa Peponi mja aliyefiwa na mwanawe akamhimidi Mola wake. Niliamini, na naamini hivi ninavyoandika. Lakini nyumba ile ni ya huko mbele, na mimi nilikuwa na alasiri ya kuipitisha kila siku. Asubuhi ina kazi. Usiku una giza la kujifichia. Saa kumi za jioni ndizo zilizokuwa zikinishinda: mpira unadunda kule kiwanjani, na chini ya mwembe hamna sauti. Nikaanza kufunga dirisha. Nikiona hata joto ni afadhali.

Disemba ulikuwa msimu wa karafuu. Wifi yangu alikuwa na karafuu nyingi uani, tukakaa kwenye majamvi kuchambua, karafuu huku, makonyo huku. Kazi ya kuchambua ni nzuri kwa mtu mwenye msiba, kwa kuwa mikono inakwenda na hakuna anayekutazama usoni. Tarehe 5, mtoto wa wifi yangu akaleta redio. Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, walikuwa Kenya kwa Kombe la Chalenji, la nchi za Afrika Mashariki na Kati, na siku ile wanacheza na Rwanda.

Mtangazaji alipofungua mdomo nilihisi kama nimemwagiwa maji. Maneno yalikuwa ya Babu. Namna ya kuivuta sauti mpira ukikaribia goli, namna ya kunyamaza kidogo kabla ya kutaja jina, vyote vilikuwa vyake. Miaka yote nilidhani mwanangu akiyatunga mwenyewe, kumbe alijifundisha redioni, usiku, akiwa na maumivu, na mimi nikidhani amelala. Nikamwambia kijana, "Izime." Akanyanyuka kuizima. Kabla hajaifikia nikamwambia, "Iwache."

Tulishinda 3-1. Usiku nikalitoa daftari. Ukurasa wa mwisho aliouandika ulikuwa na nafasi chini. Nilikaa na kalamu muda mrefu nikihisi kama ninaingia chumba cha mtu bila hodi. Halafu nikaandika: Zanzibar 3, Rwanda 1. Mwandiko wangu ulionekana mgeni pale, lakini niliuacha.

Tarehe 7 tukawafunga Tanzania Bara 2-1. Mtaa wetu siku ile haukulala, na baba yake Babu, ambaye tangu mazishi alikuwa haongei ila "naam" na "siyo", alitoka barazani akasimama na wanaume wenziwe. Tukatoka sare ya bila kufungana na Kenya wenyewe, kisha Libya wakatufunga 1-0. Nusu fainali tukakutana na Uganda waliokuwa mabingwa watetezi, tukawatoa 2-1. Yote nimeyaandika. Kila jioni ya mechi nilikuwa na pa kukaa na cha kusikiliza, na ninaposema hivyo simaanishi kuwa huzuni ilipungua. Ilipata saa yake. Kabla ya hapo ilikuwa ikinivamia popote, jikoni, sokoni, katikati ya sala. Sasa ilikuwa inakuja ikakaa na mimi jamvini, tukasikiliza mpira pamoja.

Fainali ilichezwa Machakos, Jumapili ya tarehe 17 Disemba. Uani kwa wifi yangu siku ile hapakuwa na karafuu, palikuwa na watu. Kenya walifunga dakika ya 5 tu. Tukakaa na bao lile mchana kutwa, kama mtu aliyemeza mwiba. Wanaume wakaanza kunyanyuka mmoja mmoja. Dakika ya 87 Khamis Musa akasawazisha, na waliokuwa wameshatoka wakarudi mbio, wengine bila ya viatu. Katika muda wa nyongeza Kenya wakafunga la pili, na kabla hatujamaliza kusikitika Khamis Musa yule yule akarudisha. 2-2. Mzee mmoja aliinama akasujudu pale pale mchangani.

Ilikuja penalti, na penalti zikatukataa: 3-2.

Nataka niieleze saa ile vizuri, kwani ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Uani palikuwa na wanaume wazima wakilia. Vijana walikuwa wamejifunika nyuso kwa fulana zao. Mimi nililia pia, nililia kwa sauti, kilio ambacho tangu Novemba nilikuwa nikikimeza kwa kuwa kila nilipofungua mdomo kulikuwa na mtu pembeni wa kunambia, "Subiri, mwanangu, usikufuru." Siku ile hakuna aliyeniambia subiri. Hakuna aliyenitazama. Nililia mpira kama wao, na ndani ya mpira nikamlia mwanangu, na baba yake aliyekuwa upande wa pili wa ua alinyanyua macho akaniona, akajua ninalia nini. Hatukuwa tumelia pamoja hata siku moja. Mtume wetu mwenyewe, rehma na amani zimshukie, alitoka machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na alipoulizwa akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila la kumridhisha Mola wetu. Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo tangu chuo cha Kurani. Uani kwa wifi yangu ndipo nilipoielewa.

Wachezaji waliporudi Unguja walipokewa na umati mkubwa, utafikiri wamekuja na kombe. Kwa muda mrefu nilikuwa nikifikiri kuwa mimi na baba yake tumeshindwa: tulipewa mtoto wa kumlinda, hatukuweza. Nikawasikia watu wanawaimbia vijana waliokosa kombe, wanataja walichokifanya dakika ya 87, na wala hawakusema "lakini". Siku zile nilianza kujiambia maneno ya Babu kuhusu ile namba 55.

Ilipita miezi kabla ya kuukaribia mwembe. Nililopelekwa nalo kule halikuwa jambo zuri. Nilikuwa nimempeleka mtoto wa jirani kliniki, naye ana sikoseli vile vile, na muuguzi akatueleza kwa upole kwamba mtoto huyu hana haja ya kufungiwa ndani: acheze mchezo mwepesi, anywe maji kabla na katikati, apumzike anapochoka, asiachwe na nguo iliyorowa jasho upepo ukimpiga, na akipata homa tu aletwe mara moja. Jirani yangu alifurahi. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta.

Angeweza kuzivaa njumu zile. Dakika kumi, robo saa, huku mimi nimesimama na chupa ya maji. Sijui kama ingelimzidishia umri au kumpunguzia, hilo analijua Aliyemuumba. Najua kwamba angezivaa. Nimeambiwa na watu wema kwamba nilifanya kwa mapenzi, na ni kweli. Mapenzi yangu ndiyo yaliyofunga kabati. Sijapata dawa ya jambo hili na sitamdanganya mzazi mwenzangu anayesoma kuwa nimeipata.

Nilichokipata ni kazi. Nilimwendea kijana anayewafundisha watoto pale kiwanjani, nikamwambia, "Mwanangu, kuanzia kesho maji ya watoto niachie mimi." Akaniuliza, "Bi mkubwa, una uhakika?" Alikuwa mmoja wa wale wakubwa waliokuwa wakitangazwa na Babu, sasa ameota ndevu. Nikamwambia ninao. Kesho yake nikaenda na ndoo ya mfuniko na vikombe vinne. Wiki ya kwanza nilikaa nimekipa kiwanja mgongo. Wiki ya pili nikageuka.

Mtoto wa jirani yangu akaingizwa timuni kwa masharti ya muuguzi. Hucheza kidogo, hutoka, hunywa, hurudi. Njumu nikazitoa kabatini, nikazipiga vumbi, nikampa. Zilimtosha mwaka mmoja tu, mguu ukakua, naye akampa mwengine, na huyo mwengine nasikia kampa binamu yake wa Wete. Kwa sasa sijui ziko wapi. Mwanzoni iliniuma, siku hizi ninapenda kutojua.

Kisha kuna nage. Sisi wanawake wa mtaani tulikuwa na kawaida ya kucheza nage jioni za Jumamosi, timu mbili, mpira mdogo wa matambara, wawili wanarusha na wa katikati anakwepa. Nilikuwa hodari wa kukwepa utotoni. Wakanivuta, nikakataa, wakanivuta tena. Nikaifunga kanga kiunoni nikaingia. Mpira wa kwanza ulinipita sikioni. Wa pili niliinama. Wa tatu nikaruka, nikateleza, nikakaa chini puu, na nikacheka. Sauti ile niliisikia kama ya mtu mwengine. Sikuwa nimecheka kwa muda upatao mwaka na nusu. Hapo hapo nikahisi nimemsaliti, nikatoka, nikaenda kukaa nyuma ya ukuta.

Shoga yangu mmoja alinifuata. Yeye alizika watoto wawili, waliofia baharini, na hapendi kulizungumza. Alikaa karibu yangu muda, kisha akasema, "Shoga, wanaturejea wanaposikia tumecheka?" Nikasema hapana. "Na tukilia, wanaturejea?" Nikanyamaza. Akanipa mkono, akaninyanyua, akanambia, "Basi twende, wanatusubiri, tumepungua mmoja." Hakuongeza neno, na mimi sijasahau kuwa alisema "tumepungua mmoja" kwa ajili ya mchezo, na sote wawili tukasikia maana yake nyengine.

Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lililetwa kwetu Pemba, safari hii kwa timu za taifa, likachezwa uwanja wa Gombani. Sikuwahi kuingia uwanja ule. Babu ndiye aliyekuwa akiniomba nimpeleke, na mimi nikimjibu kuhusu baridi ya usiku na msongamano. Fainali ilikuwa Zanzibar Heroes na Burkina Faso. Baba yake akanambia, "Tutakwenda." Hakuniuliza. Nilitia daftari mkobani, na kalamu mbili, ya buluu na nyekundu, nyekundu sijui ya nini.

Watu walikuwa hawana idadi. Mimi ni mfupi, na mbele yangu walikaa vijana wa mabega, kwa hivyo mpira niliuona kwa vipande: kichwa, mguu, wavu, taa. Ghafla uwanja mzima ukasimama, kelele zikapanda zikanifunika, baba yake Babu akapotea katikati ya watu wanaokumbatiana. Tumefunga, nikajua, lakini sikuwa nimeona kitu. Tulishinda 2-1, kombe likabaki nyumbani, na hilo nililiandika baadaye, barabarani, gari ikitikisika. Lakini pale, katika kelele zile, nilikuwa sijui chochote. Nikamshika mkono kijana aliyekuwa kulia kwangu, mtoto wa miaka kumi na tisa hivi, ishirini, jasho linamtoka.

"Mwanangu, nani kafunga? Imekuwaje?"

Akainama hadi sikioni mwangu, akaanza kunieleza: mpira ulipoanzia, ulipita kwa nani, nani aliyekimbia bila ya kuonwa, kipa alivyotoka. Alivuta sauti alipofika golini, akanyamaza kidogo, ndipo akataja jina.

Nikamwambia, "Hebu nieleze tena."